Mtungi wa Majibu Mazuri

Kazi yetu hapa msitu wa Bwindi, Uganda, ni kuwakinga gorila na mafua ya binadamu. Tunavaa barakoa, tunasimama mbali nao, tunaokota kinyesi na majani waliyotafuna, vinapelekwa kupimwa. Mwenye chafya habanduki nyumbani. Mtalii akikohoa tunamrudisha, hata alie.

Karungi, jike niliyemfuata tangu akiwa mdogo, alifiwa na mtoto wake wa kwanza kwa kikohozi. Maabara ilisema virusi vimetoka kwa watu. Niliumia kama nimefiwa mimi. Kwa hiyo Kyarisiima, mwenzetu wa zamu, alipoleta habari kwamba Karungi amejifungua tena, sikutaka kingine duniani ila kumwona huyo mtoto.

Jioni hiyohiyo majibu ya vipimo yakaja: kundi zima la Karungi halina virusi. Mkubwa wetu, mzee Rutaremwa, akatoa mtungi wa pombe ya mtama. Tukauzunguka kama sisi Wakiga tunavyojua, mrija ukihama mdomo hadi mdomo. Kyarisiima ni mlokole, pombe haigusi.

"Mchana kutwa barakoa, sasa mnanyonya mrija mmoja?" akauliza.

"Wee dada, humu mtungini kuna gorila?" nikamjibu. Tukacheka mpaka basi.

Baada ya siku chache kikosi kizima kilikuwa kinapiga chafya. Walinzi wa gorila tukafungiwa majumbani, na msituni akabaki Kyarisiima na wokovu wake. Mtoto wa Karungi nilikuwa bado sijamtia machoni.

Asubuhi moja nikasikia migomba yangu ikivunjwa. Kyarisiima akapaza sauti kutoka mbali: "Kaka Beyendeza, usifungue! Kundi limeingia shambani kwako. Karungi yuko hapo ukutani, na mtoto!"

Miaka yote nawafuata mimi, leo wamenifuata wao. Nikaruka hadi dirishani, mkono ukashika komeo. Hapo kikohozi kikanipanda. Nikaliachia komeo, nikajitupa kitandani na kukohoa ndani ya blanketi, huku wakitafuna mashina ya migomba yangu bila haraka.

Walipoondoka nikaita, "Dada, mtoto yukoje?"

"Mzuri sana. Pua pana kama yako."

"Kweli?"

"Kweli. Ila yake kavu."

Nikacheka, nikakohoa, machozi yakanitoka. Dirisha nikaliacha limefungwa.