Viti Viwili vya Shangazi Atim

Jamani, hii hamtaiamini, na wala sijaitia chumvi. Mwanamke mzima aliitwa kwenye spika ya ndege, mara tatu, kwamba hajafika, huku amekaa humohumo ndani, mkanda umefungwa, jasho linamtiririka. Na hilo ndilo lilikuwa dogo.

Mwanamke mwenyewe ni Atim Ekpenyong, muuza vitambaa wa soko la Balogun, Lagos. Shangazi Atim ni mnene. Siyo mnene wa kusema kajazia kidogo. Mnene wa kwao Calabar, wa kupita watu wakapisha, na kwao hiyo ni sifa. Alipokuwa mwali alifungiwa ndani akalishwa mpaka akatoka anang'aa.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Iquo, binti wa kaka yake. Miezi kadhaa Iquo alikuwa huko Calabar kwenye chumba cha kunenepeshwa, anakula, anakandwa, analala, anaamshwa ale tena. Mchana ule anatolewa, anakabidhiwa kwa wakwe. Na katika ukoo wao mwali havuki kizingiti mpaka dada mkubwa wa baba amchomeke kitana cha shaba kwenye nywele. Dada mkubwa ndiye Atim. Kitana kilikuwa kwenye mkoba wake.

Kwa hiyo hakutaka kubahatisha. Shirika la ndege ya kwenda Calabar lina sheria yake: asiyeenea kati ya mikono miwili ya kiti, alipie kiti cha pili. Shangazi alikwenda ofisini kwao mwenyewe, akalipia vyote viwili.

"Mzigo wanaupima kwa kilo, mimi wananipima kwa makalio," alimwambia jirani yake sokoni. "Haya, nimelipa. Sasa nisisumbuliwe."

Akasumbuliwa.

Pale kaunta alikuwepo kijana mmoja anaitwa Dapo, tai imemkaba shingo.

"Mama, mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu gani?"

"Abiria wa kiti cha pili."

"Ni mimi."

"Hapana, Mama. Wewe ni wa kiti cha kwanza."

"Mwanangu, hebu niangalie vizuri. Wa kwanza mimi, wa pili mimi."

Dapo akaiangalia kompyuta badala yake. "Halafu viti vyenyewe haviko pamoja. Kimoja kipo mbele, kingine nyuma karibu na choo."

"Sasa nikae vipi? Kalio hili mbele, lile chooni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Dapo akabofya, akabofya, akamwita bosi wake, bosi naye akabofya, na mwishowe viti vikakaa pamoja. Akamkabidhi kadi moja ya kupandia.

"Na ya pili?"

"Ya pili mpaka mwenyewe aje, Mama."

Ungefanyaje? Shangazi alivuta pumzi mpaka shanga zake zikalia, akaichukua kadi yake moja, akaenda zake.

Ndani ya ndege alikaa dirishani, akainua mkono wa kiti, akajitandaza kwenye mali yake. Ndipo spika ikaanza. "Abiria Atim Ekpenyong wa pili, kama umo ndani tafadhali jitambulishe."

"Nipo!" Shangazi akanyoosha mkono.

Mhudumu wa ndege, dada mmoja anaitwa Ebele, akaangalia karatasi yake. "Mama, wewe ni wa kwanza. Huyu ni wa pili."

"Ni mimi, dada! Nimelipa mara mbili kwa mwili mmoja!"

Ebele akatabasamu lile tabasamu lao, akaenda kuita tena. Alipoita mara ya tatu na abiria wa pili hakutokea, kiti kikaandikwa kitupu, na kitupu hakikai kitupu. Mlangoni kulikuwa na mtu anasubiri nafasi. Akaingia mzee mwembamba kama fimbo aliyoishika, shati jeupe, shuka ya hariri kiunoni, shanga shingoni. Abiria wa Calabar walimtambua, wakamwamkia: Etubom. Hicho ni cheo cha wakubwa wa koo za kwao, na mwenyewe alitembea kama ndege ni ya babake.

Akasimama juu ya Shangazi. "Mama, sogea. Hiki changu."

"Hiki nimekilipia, Etubom."

"Na kile?"

"Na kile."

Etubom akamgeukia Ebele. "Ndiyo maana tunachelewa kila siku. Watu wanakula bila breki, halafu tunabanwa sisi."

Ebele akajaribu kushusha mkono wa kiti. Ukagota pajani mwa Shangazi, ukakataa. Akajaribu tena, Shangazi akaguna kwa maumivu. "Usiposhuka huu rubani haondoki," Ebele akasema, sasa hata tabasamu limemwisha. "Na hakuna kiti kingine. Ndege imejaa."

Wakati wanabishana, simu ya Etubom ikalia. Akaipokea kwa sauti ya kusikika mpaka chooni.

"Halo! Waambie mwali wa Ekpenyong asitolewe kabla sijafika. Msemaji wa bwana harusi ni mimi, nani mwingine atampokea? Na nasikia kanenepa? Hakikisheni! Siji huko kukabidhiwa mwanamke kama mwiko. Ee, nipo ndani, nimezuiwa tu na kiboko mmoja kakalia viti viwili."

Shangazi alihisi masikio yanawaka moto.

"Etubom," akasema polepole, "huyo mwali ni Iquo?"

"Unamjuaje?"

"Shangazi yake mkubwa ni mimi. Kiboko."

Simu zikaanza kutolewa mifukoni, kila mtu anarekodi.

"Mlituletea masharti, mke awe mnene," Shangazi akaendelea. "Sawa, tumemlisha. Mwaka kesho akipanda ndege kuja kunisalimia, kiti cha pili atamlipia nani? Na wewe ukikaa jirani naye utamwita nani?"

"Mnene wa nyumbani ni mmoja, mnene wa kwenye ndege ni mwingine," Etubom akajibu, na wala hakutania.

"Ehee! Kwa hiyo mwili anauacha nyumbani?" mama mmoja wa nyuma akadakia. Watu wakacheka, Etubom akagonga fimbo chini.

Ebele akainama. "Mama, tumekosea sisi, viti ni vyako. Amua wewe. Ila mmoja lazima ateremke, na ndege nyingine ni kesho."

Hapo ndipo Shangazi alipokwama. Upande wa bwana harusi, bila huyu mzee hakuna wa kumpokea Iquo, baba wa bwana harusi alishafariki. Upande wao, yupo mdogo wake Arit. Kwa shida, Arit angeweza kumchomeka mwali kitana. Bibi zao wangenuna mpaka kaburini, lakini Iquo angetoka. Akafungua mkoba, akakitoa kitana, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Nateremka mimi," akasema. "Hiki utakibeba wewe, umpe mdogo wangu. Nataka neno moja tu. Niombe radhi, kwa sauti ileile uliyoniitia kiboko."

Etubom akaangalia saa. Akaangalia zile simu zote zinazomtazama.

"Mtu wa cheo changu haombi radhi ndani ya ndege."

"Basi teremka na cheo chako."

Akateremka. Nusu ya abiria wakapiga makofi, nusu wakasonya. Shangazi akakirudisha kitana mkobani.

Calabar alifika kwa wakati. Iquo alikuwa amesimama nyuma ya kizingiti, anang'aa kwa mafuta, mzuri hasemeki, na Shangazi akamchomeka kitana. Lakini ng'ambo ya ua kiti cha mbele cha wakwe kilikuwa kitupu, na Etubom alishapiga simu: ametupwa nje ya ndege na shangazi wa mwali, na hatakanyaga pale mpaka Atim amwombe yeye radhi. Wakwe wakakunja shuka zao wakaondoka na vinywaji vyao. Mwali akarudishwa ndani. Akale tena.

"Lilikuwa neno moja tu, Shangazi," Iquo alisema, machozi yanateleza kwenye mafuta. "Ungelimeza."

"Hata kwake lilikuwa neno moja, mwanangu."

Mpaka naandika hivi Iquo bado yupo ndani, na kaka yake Shangazi, babake Iquo, kamwekea simu mkononi, namba ya Etubom iko kwenye kioo, anamwambia piga, omba radhi, yaishe. Nusu ya ukoo inasema piga. Nusu inasema ukipiga, tumekwisha.

Wewe ungepiga?