Mgombea Mwenza Aja Kunywa Kahawa

Jumanne alasiri Ardis Tollefson alikuwa akishindilia matango kwenye chupa za siki, redio ikitangaza bei ya mahindi ya Iowa, mumewe alipoingia kwa mlango wa nyuma na kujifungia stoo. Rais mstaafu Orrin Tollefson alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma. Alikuja kila jioni, na kwa kawaida alikaa jikoni akiyalalamikia magoti yake. Siku hiyo alikuja mapema, tena anatetemeka.

"Baba Nels, toka huko, nataka chumvi."

"Anakuja?"

"Kesho. Si nilikwambia?"

Anayekuja alikuwa Wade Crutcher, rais wa sasa. Orrin ndiye aliyemtoa kusikojulikana akamfanya mgombea mwenza, kwa kuwa kura za Kusini zilikuwa haba na Crutcher alikuwa nazo mfukoni. Siku hizi wanahistoria wanampima Orrin upya magazetini: barabara alijenga, vita alimaliza, wazee aliwapa matibabu, alikosea mara moja tu, alipomchagua Crutcher. Hiyo "tu" ilimchefua Ardis. Kosa hilo moja lilikuwa limemweka Nels, mtoto wao wa pekee, gerezani tangu theluji ilipoyeyuka, kwa makala aliyoandika kumhusu Crutcher.

Kesho yake jumba la makumbusho la Orrin lingefunguliwa upya. Crutcher alikuwa ametuma mtu kwa mjane: aseme mbele ya watu kwamba mumewe hakuwahi kuchagua vizuri kuliko alipomchagua Crutcher, na Nels atarudi nyumbani.

"Usimfungulie mlango," Orrin alisema kutoka stoo.

"Wewe ndiye uliyemfungulia."

Ardis alisikia chupa zikigongana rafuni kwa jinsi Orrin alivyotetemeka, akaogopa kuliko siku walipomchukua Nels. Kama hata aliyekwisha kufa anamwogopa mtu huyu, yeye aliye hai atashika wapi?

Asubuhi Ardis aliandaa sahani ya Nels mezani. Crutcher akafika na walinzi na wapiga picha, akakalia kiti cha Orrin bila kukaribishwa. Alikunywa kahawa, akala vipande viwili vya pai ya tufaha.

"Pai tamu hii, Mama. Na mzee mwambie atoke. Stoo kuna baridi, na sisi tumezoeana."

Orrin alitoka na suti aliyozikwa nayo, macho chini. Mpiga picha mmoja alimwomba asogee kushoto kidogo.

"Kama zamani, bosi," Crutcher alisema, akamshika mkono na kuuinua juu, kama walivyofanya jukwaani usiku ule chama kilipowapitisha. Ardis alimwona mumewe akijaribu kuushusha kwa nguvu zake zote. Haukushuka.

Kwenye jumba la makumbusho, Ardis alisema alichotakiwa kusema. Watu wa mji wakapiga makofi, wengine wakitazama viatu vyao.

"Na Nels?" alimuuliza Crutcher akipanda gari.

"Nels yupi, Mama?"

Kesho yake magazeti yalichapa picha na kuisifu pai. Wanahistoria wakaandika kwamba hata lile kosa moja huenda halikuwa kosa, maana mjane mwenyewe kasema.

Jioni Orrin alirudi, mkono bado uko juu. Uligonga fremu ya mlango wa stoo, kwa hiyo Ardis akampitisha kiubavu, akamshikisha kikombe cha kahawa kwa mkono mwingine. Kisha akaiosha sahani ya Nels, ingawa ilikuwa safi.