Bomba Lenye Wazazi Wawili

Ofisini walimwita Bi Maswali, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuliza. Alikuwa na daftari la mistari, kalamu mbili, na majaribio ya miezi mitatu yaliyobakiza siku nne. Mkuu alikwisha kumwambia bila kumung'unya maneno: Alhamisi alete ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na mchora majengo na fundi mabomba, la sivyo kazi ifungwe na yeye atafute kwingine.

Wawili hao walikuwa wakichora zahanati moja kwenye kompyuta, kila mtu na picha yake. Picha zilipowekwa pamoja, sinki lilijikuta katikati ya korido, limesimama kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ofisi ya Bi Maswali ikatakiwa kuwatengenezea programu yenye picha moja ya wote, na ukurasa ule ndio ungesema ifanye nini. Humo ndani, jengo hupangwa kama ukoo: ghorofa huzaa vyumba, chumba huzaa kuta, ukuta huzaa sinki na mabomba yake. Mzazi akisogezwa, watoto humfuata. Mzazi akifichwa, watoto nao hupotea machoni.

Jumatatu, mkutanoni, aliwauliza wanataka nini.

"Nikisogeza ukuta, kila kitu kifuate," alisema mchora majengo, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Mabomba yangu yaachwe," alisema fundi.

"Yaning'inie hewani, mzee?"

"Heri hewani kuliko mikononi mwako, mama."

Bi Maswali aliandika yote mawili, na daftari likawa na ugomvi ndani yake.

Jumanne hakuanza kwa kuuliza. Alivuta kiti, akaketi karibu na fundi, akatazama. Mzee alipuliza vumbi kwenye vitufe, akafuta skrini kwa mkono wa shati, kisha akafungua picha nyingine kabisa, mabomba matupu bila ukuta hata mmoja.

"Hii ni ipi, baba?"

Mzee alijikuna shavu. "Yangu. Usiiandike."

"Siandiki."

"Ili nifuate maji yanakokwenda, lazima nifiche kuta. Nikizificha, mabomba nayo yanaondoka. Basi nikayanakili, nikayaweka huku. Mama yule akihamisha ukuta, huku habari haifiki."

Mkutanoni mzee hakulitaja jambo hili, maana kwake halikuwa shida. Lilikuwa ujanja wake.

"Kwani bomba ni la ukuta au la tangi la maji?" Bi Maswali aliuliza taratibu.

"Linakaa ukutani, binti yangu, lakini damu yake ni ya tangi." Akafikiri kidogo. "Kama mjukuu wangu. Analala kwa baba yake, lakini kwa wajomba hakuna anayemwita mgeni. Na ni mtoto mmoja, hatukumtengeneza wa pili."

Jumatano ukurasa ulikuwa tayari: bomba liwe moja, lihesabiwe kwenye ukoo wa kuta na ukoo wa maji pia. Ukuta ukisogea, lisogee nao, na fundi aonyeshwe. Kuta zikifichwa, anayefuata maji aendelee kuliona.

Mchora majengo aliusoma, akauweka mezani. "Wazazi wawili wa nini? Mmoja tu anatusumbua. Siweki sahihi."

Bi Maswali alikuwa na jibu, lakini alikuwa amemwahidi fundi kuitunza siri yake. Alifunga kalamu yake.

Fundi alikohoa. "Ninayo nakala, mama. Ya siri. Sinki lile la kwenye korido ni mimi niliyeliacha."

Mama alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na mimi ninayo," alisema mwishowe. "Ya kuta. Nimeyatoa mabomba yako yote, yananiziba macho."

"Yote?"

"Yote, mzee wangu."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Mama akavuta ukurasa, akaongeza kwa mkono wake kwamba anayefuata kuta naye aweze kuficha mabomba, akasaini. Fundi akasaini chini yake, herufi kubwa kubwa.

Alhamisi mkuu aliusoma mara mbili, akamwambia Bi Maswali kuwa Jumatatu aanze na mafundi umeme, maana nao hawakosi picha walizozificha.