Chupa Chini ya Kitanda cha Wangila

Kosa la Nabwire lilikuwa usafi. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na sita alitoka Shianda kuja kumwona mwanawe Wangila, aliyeangukiwa na shehena ya miwa akavunjika mbavu, katika hospitali moja ndogo mjini Kakamega. Chini ya kitanda akakuta chupa ya kioo yenye maji mekundu, na mpira uliotoka kifuani mwa kijana umezama humo. Basi akauchomoa mpira kutoka kwenye chupa, akaenda kumwaga maji chooni.

Muuguzi Khalayi alipogeuka kutoka kitanda cha jirani, aliuona mpira ukining'inia.

"Mama! Chupa iko wapi?"

"Hii hapa, nimeosha, sista. Kwetu hatuachangi uchafu ya mgonjwa chini ya kitanda."

Daktari alikuwa akipasua mtu mwingine, na wodi nzima ilimtazama Khalayi. Chuoni alikariri jambo moja tu kuhusu mpira huo: ukichomoka, bana. Akaubana kwa koleo mbili, akanyakua chupa, akakimbilia maji safi.

Aliporudi, Wangila alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka pima, mishipa ya shingo imevimba, midomo imegeuka rangi. Alivuta pumzi fupi fupi zisizofika popote. Khalayi aliogopa. Akizitoa koleo, je, hewa ikiingia kifuani? Na asipozitoa?

Akakumbuka mapovu. Tangu asubuhi chupa ilikuwa ikitoa mapovu, hata Nabwire alipofika akauliza kama maji yanachemka. Kumbe ilikuwa hewa ya pafu lililotoboka, ikitafuta njia ya kutoka. Na njia hiyo kaiziba nani?

Aliiweka chupa sakafuni, akazamisha ncha ya mpira majini ili hewa itoke isirudi, akafungua koleo. Mapovu yakafoka. Khalayi alihesabu pumzi za Wangila, moja, mbili, tano, ndipo akathubutu kuvuta yake.

Nyuma yake wagonjwa walikuwa wakimkaripia Nabwire kwamba nusura amuue mwanawe. Mama wa watu alikuwa amepiga magoti, leso mdomoni, akilia. Khalayi alikuwa na miezi minne tu kazini, na hakuna aliyejua koleo zile zilifanya nini. Angenyamaza, yangeishia hapo.

"Inuka, mama," akasema. "Wewe ulimwaga maji tu. Aliyemziba pumzi ni mimi."