Sura Ndani ya Pipa Kubwa

Kila asubuhi, katika kiwanda cha unga wa uji kilicho juu ya kilima cha Gihundwe, Épiphanie hujifunga kitambaa puani, hupanda ngazi, hupangusa mfuniko wa pipa la kuchanganyia kwa tambara kavu, na kuomba kimoyomoyo kwamba sura ya leo iwe ya mtoto asiyemjua. Kisha hufungua.

Zamani walikuwa na pipa dogo. Walitia unga wa mahindi, soya na mtama hadi nusu, wakanyunyizia dawa ya unga yenye madini ya chuma, ile inayowaongezea watoto damu, na pipa likazungushwa. Hapakuwa na saa ukutani. Kipimo kilikuwa wimbo wa kwaya wa beti nne; ukiisha, unga umechanganyika. Nafasi iliyobaki juu ndiyo iliyofanya kazi: unga ulipanda, ukaporomoka, ukapanda tena, na dawa ikafika kila mahali.

Kisha mwenye kiwanda, patron Nzabonimana, akanunua pipa lenye kimo cha watu wawili. Aliamuru lijazwe hadi shingoni, na wimbo ubaki uleule. Unga ukawa unazunguka wote kwa pamoja, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kuamka, na dawa ikabaki imelala mahali pamoja. Siku ya kwanza walipofungua, juu ya unga palikuwa na sura ya mtoto wa kiume, macho wazi, amekunja uso kidogo kwa sababu ya mwanga.

Sandrine, ambaye huvuka mpaka kwa daraja la Rusizi II kutoka Bukavu kuja kushona magunia, alimtambua. Alikuwa mtoto wa Muderhwa, jirani yake. Walimsalimu, maana adabu ni adabu, wakafungasha unga. Wiki hiyohiyo gunia moja lilivuka daraja, likafika kwa Muderhwa, na mtoto akanywa kwenye bakuli moja dawa iliyokusudiwa watoto wote. Midomo yake ikageuka rangi ya kutu. Sandrine aliomba ruhusa kwenda kuzika.

Wa pili alikuwa msichana wa kijiji cha Bweyeye, mpwa wa mpakiaji mmoja. Walichota sura yote kwa koleo, wakaimwaga shimoni. Chini yake sura ileile ilikuwa inawatazama. Mpakiaji akampigia dada yake simu asinunue unga. Hakununua. Mtoto akanywa uji kwa majirani.

Wanawake walimwendea patron.

“Pipa inajaa sana, Patron,” Sandrine alisema. “Tupunguze unga. Na tuimbe mara mbili.”

“Camion ya Bweyeye iko nangoja,” Nzabonimana akajibu, akilionyesha lori uani. “Mukiimba mara mbili, batoto ba kule batakula nini?”

Akawanunulia ubao wa kusawazishia unga, wenye mpini mrefu. Tangu hapo, sura ikitokea, Épiphanie huisalimu, huipitishia ubao, na watu huendelea na shughuli zao. Kazi mbaya si mchezo mwema, naye ana mtoto wa kulisha.

Mtoto huyo ni Bella, mwenye kovu dogo juu ya nyusi, alipojigonga kwenye jiko. Ijumaa iliyopita Épiphanie alifungua mfuniko, na kovu lilikuwa pale, kwenye unga. Bella alikuwa akimtazama mama yake. Épiphanie akashika ukingo wa pipa kwa mikono miwili.

“Ni wangu,” alisema. “Ni Bella wangu.”

Nzabonimana aliitwa. Alichungulia, akavua kofia.

“Patron, minakuomba,” Épiphanie alisema. “Tupunguze.”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Nzabonimana ana wanne. Alitazama pipa, kisha akatazama lori lililokuwa limewashwa uani.

“Kupunguza, hapana,” alisema. “Lakini muimbe, Maman Bella. Muimbe mpaka ule mutoto atoke.”

Walifunga mfuniko wakaimba beti nne, wakazirudia, wakazirudia tena. Wapakiaji nao waliingia wakaimba sauti ya chini. Épiphanie alipotewa na maneno ya ubeti wa tatu, aliyoyajua tangu utoto, na Sandrine akawa anamtangulizia. Pipa liliguna, likazunguka, limejaa vilevile hadi shingoni.

Walipofungua, Bella hakuwapo. Palikuwa na mvulana mwenye masikio makubwa, akipepesa macho. Walipita mmoja mmoja kumtazama: Sandrine kwa ajili ya Bukavu, mpakiaji kwa ajili ya Bweyeye, wengine kwa ajili ya Gihundwe. Hakuna aliyemjua.

“Asante Yesu,” Épiphanie alisema, na alimaanisha.

Kisha akamsalimu mtoto, akachukua ubao.