Maziwa ya Jumatano

Kila Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wapiga dawa wa shamba la mananasi pale Kiwangwa walipanga mstari mbele ya stoo, na kila mmoja akapewa pakiti ya maziwa ya nusu lita. Walikuwa kumi na wanne. Waliyanywa wamesimama, pakiti wameitoboa pembeni kwa meno, kisha wakavaa mabomba mgongoni na kuingia shambani. Maziwa yalikuwa ya kukata sumu. Barakoa zilikuwa zimeagizwa tangu masika ya mwaka uliopita, na mtu akiziulizia alijibiwa kwamba maziwa si yapo.

Shuaibu hakubeba bomba. Yeye alichanganya. Alipima dawa kwa kifuniko cha pipa na kwa jicho lake tu, na kipande cha shamba alichokichanganyia dawa ya kuchanulisha kilichanua chote siku moja, safu ya kwanza hadi ya mwisho. Kwao kulikuwa Kaole, kwa wavuvi, lakini kazi hiyo ilimweka bara miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya shamba yenye vyumba viwili, yeye na mkewe Adija, msuka mikeka. Mtoto hawakujaaliwa.

Uzi ulitoka mwezi wa Rajabu. Adija aliuona akimsugua mumewe mgongo: umetokea chini ya mbavu za kulia, mweupe, mwembamba kama wa kushonea magunia, una uvuguvugu. Akadhani ni wa fulana, akauvuta.

"Acha, mke wangu," Shuaibu akasema taratibu. "Huo ni wangu."

Kesho yake uzi ulikuwa umefika mlangoni. Siku ya tatu ncha yake ilijizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mguu wa Adija, ikatulia hapo. Macho ya Shuaibu nayo yalikuwa yameingia manjano.

Walikwenda zahanati wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, uzi katikati. Tabibu Mikdad alimlaza Shuaibu, akaweka vidole chini ya mbavu, akasema ini limevimba, limeshuka vidole vitatu. Kisha akautazama ule uzi kama mtu anayetazama kitu alichokisoma chuoni. Akaeleza kuwa ni mshipa wa fahamu, unaotoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kando ya moyo, ukashuka mpaka tumboni na kwenye ini. Kila mtu anao. Wa Shuaibu ulikuwa umetoka nje. Dawa za shamba hulijeruhi ini, alisema, lakini namna litakavyovimba inategemea pia habari linazoletewa. Mtu akiishi kwa hofu, mwili hupelekewa habari ya vita, na ini huungua kupita ile sumu yenyewe. Akitulia, mshipa huu hupeleka habari nyingine, na uvimbe hupungua.

"Kwa hiyo akitulia atapona?" Adija akauliza.

"Uvimbe utapungua. Sumu haifutiki kwa kutulia, mama. Aiache dawa."

Akaandika kwenye cheti: aache dawa, asishtushwe.

Kuacha dawa kulikuwa ni kuacha na nyumba, maana nyumba ilikwenda na kazi. Shuaibu alisema Ramadhani ikiisha watahamia Kaole, kwenye kiwanja alichoachiwa na mama yake, jirani na kaka yake Pazi. Alitaka kwanza kipande cha mwisho kichanue, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kukichanganyia. Adija hakubishana naye. Alihesabu miezi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Ini lilitakiwa livumilie mpaka hapo, na kazi ya kulivumilisha akaichukua yeye.

Aligundua kwamba uzi ulilegea pale alipoizungumzia nyumba ya Kaole. Basi kila siku baada ya alasiri alikaa kizingitini akisuka ukili wa mikeka, Shuaibu amejilaza ndani, na yeye akaijenga ile nyumba kwa mdomo. Mlango utazame kisima. Kibaraza kiwe kirefu, cha kulaza watu wawili.

"Jiko tuliweke upande wa upepo," alisema.

"Moshi utaingia ndani, wewe."

"Basi utakaa nje."

Shuaibu akacheka, na uzi ukajikunja sakafuni kama kamba ya ndoo iliyowekwa chini. Adija akapima kama alivyomwona tabibu: vidole vitatu, baada ya wiki vidole viwili. Majirani wakazoea kuuruka uzi wakija kuomba chumvi. Mwanajuma, wa nyumba ya pili, alisema, "Wenzio tumeolewa kwa mahari, shoga. Wewe umefungwa kamba kabisa."

Mara moja tu Adija alisafiri, siku mbili, kwenda Lugoba kwenye harusi ya mpwa wake. Uzi ukamfuata, ukalala kando ya barabara njia nzima. Adhuhuri ya siku ya pili, akiwa anachambua mchele, ulimwunguza mguu. Aliporudi alikuta vidole vinne. Kumbe Twalha, msimamizi wa shamba, alikuwa amepita adhuhuri ile ile kumwambia Shuaibu, kwa adabu, kwamba kipande cha mwisho kisipochanua wenye shamba watatafuta mtu mwingine. Adija hakusafiri tena.

Twalha alikuwa mcha Mungu. Ramadhani ilipokaribia aliwaita wapiga dawa, akawaambia hakuna atakayelazimika kufungua kwa sababu ya kazi. Maziwa yasigawiwe asubuhi tena, yagawiwe magharibi. Wote wakamshukuru. Kupiga dawa kulibaki saa ile ile.

Shuaibu alikuwa na ruhusa ya kutofunga kwa ugonjwa, lakini aliona haya kula mbele ya waliofunga. Akachanganya dawa toka asubuhi kwa tumbo tupu, akarudi ananuka pipa, akafuturu kwa tende na yale maziwa. Uzi ulikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Adija aliongea mpaka sauti ikamkauka. Aliongeza chumba kwenye ile nyumba, akaongeza uwa, akapanda minazi sita. Vidole vitatu, vinne, kisha kiganja kizima.

Kipande cha mwisho kilichanua mwezi ishirini na saba Ramadhani. Shuaibu alipelekwa kukitazama, amemwegemea Adija begani.

"Safu ya pembeni imechelewa kidogo," akasema.

Alifariki Idi pili. Alizikwa Kaole, kwenye kiwanja cha mama yake, karibu na kisima, mahali ambapo mlango ungekuwepo.

Adija alikaa eda kwa shemeji yake Pazi, miezi minne na siku kumi, bila kutoka. Uzi ulimfuata humo. Ulitoka kaburini, ukavuka uwanja, ukapita chini ya mlango mpaka kwenye kifundo cha mguu wake, na wanawake waliokuja kumkalisha waliuruka wakisema, "Samahani, marehemu." Siku nyingine zote ulilala. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, ulikaza na kupata moto.

Eda ilipokwisha, Pazi alimwuliza shemeji yake anataka kwenda wapi kwanza. Akasema Kiwangwa.

Twalha alimpokea vizuri, akamtolea kiti, akamsomea marehemu Fatiha. Adija akamweleza habari ya Jumatano. Twalha alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akasema msiba ule uliwagusa wote, hata wenye shamba, na hawakukaa bure.

"Siku hizi si nusu lita tena, dada Adija. Ni lita nzima."

Mbele ya stoo, anayechanganya sasa alikuwa Issa, kijana mrefu aliyemwamkia shikamoo bila kuinua macho kutoka kwenye pipa. Adija akaitika marahaba. Chini ya mbavu za kulia za kijana, shati lilikuwa limetoboka kidogo.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Lugoba. Yuko mama tu."

Uzi mwingine ulitoka shatini humo, ukavuka uwanja wa stoo, ukashika njia ya Lugoba, umekaza. Twalha alimshika Adija mkono ili avuke asijikwae.

Jumatano iliyofuata Adija alitandika mkeka kando ya kaburi kabla jua halijapanda. Saa ilipofika, uzi ukamkaza mguu. Aliweka vidole kwenye ukingo wa kaburi kama alivyomwona tabibu, akapima. Udongo ulikuwa umepanda vidole vitatu.

Akachukua ukili wake, akaanza upya. Mlango, kibaraza, minazi sita. Uzi ukalegea kidogo.

"Na jiko," akasema, "nimeamua liwe upande wa upepo."

Mikono ikasimama kusuka. Akangoja aambiwe kwamba moshi utaingia ndani.