Msomaji wa Somo la Saba

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, msomaji wa nakala alituma ujumbe kwamba koo limemkauka na daktari amemkataza kusema kwa wiki mbili. Msahihishaji aliusoma ujumbe huo mara mbili, akaguna, akarudisha simu mkobani. Mezani kwake palikuwa na kalamu nyekundu tatu, kikombe cha chai iliyoanza kupoa, na prufu, yaani kurasa za majaribio, za kitabu ambacho kanisa lilitaka kukizindua mwezi uliofuata, siku ya kutimiza miaka mia moja. Kiliitwa *Mafunzo Kumi na Mawili ya Imani kutoka Maisha ya Mmishonari*.

Katika kiwanda kile cha uchapaji, prufu hazikusahihishwa na mtu mmoja. Mmoja alisoma nakala ya mwandishi kwa sauti, pamoja na alama zake zote, akitamka koma, nukta, aya mpya. Mwenzake alifuata kwenye prufu na kalamu mkononi. Kanuni iliyobandikwa ukutani tangu enzi za herufi za madini ya risasi ilikuwa moja tu: kalamu hufuata sauti. Msahihishaji aliifuata kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa na mchezo na kazi, na wenzake walimwita Mama Nukta, mbele yake na nyuma yake.

Alikuwa bado anajiuliza amwazime nani wa kumsomea pale mlango ulipogongwa, akaingia mmishonari mwenyewe wa kitabu hicho. Huyu alikuwa amekufa miaka sitini na moja iliyopita na kuzikwa nyuma ya kanisa, chini ya marumaru. Alifuta viatu kwenye mkeka wa mlangoni, akauliza kama kiti kile kina mtu.

"Kina mtu, ila anaumwa," alisema Mama Nukta. "Karibu, mzee. Umeandikishwa getini?"

Alikuwa ameandikishwa. Kwenye daftari la wageni mlinzi aliandika: *Anakotoka: makaburini. Anamwona nani: usahihishaji.* Kwa kuwa mgeni hakuwa na kitambulisho, mlinzi alibaki na kofia yake mpaka atakapotoka.

"Nimesikia mnatafuta msomaji," alisema mmishonari. "Sauti bado ninayo."

Alisoma vizuri, polepole, bila kumeza maneno. Somo la Kwanza lilipita bila doa. Katika Somo la Pili karatasi ilisema kwamba mtumishi wa Mungu alitembea kwa miguu siku arobaini kuja kuhubiri, lakini yeye alisoma, "Nilibebwa kwenye machela na watu wanane, koma, wakipokezana, nukta." Kalamu ikafuata sauti. Katika Somo la Nne karatasi ilisema alijifunza lugha ya wenyeji kwa miezi mitatu. Yeye alisoma, "Miaka sita, koma, na hata hivyo walinicheka, nukta."

"Mzee, hayo hayapo kwenye nakala," alisema Mama Nukta.

"Nayaona yaliyopo. Macho yanayaona, ila mdomo unakataa kuyatamka. Huko nitokako tuko hivyo sote."

Mama Nukta alitazama kanuni ukutani, akaandika miaka sita.

Somo la Saba lilifikiwa Alhamisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama Nukta hakulala vizuri, maana hapo ndipo palipokuwa na jambo lake. Somo la Saba liliitwa "Imani Hufungua Ghala", na lilieleza jinsi mmishonari alivyofungua ghala la misheni mwaka wa njaa akalisha umati. Somo la Nane liliitwa "Imani Huvumilia Usaliti", na lilieleza jinsi msaidizi wake mmoja alivyoiba kwenye ghala hilohilo, mwaka huohuo, akatengwa na kanisa. Alipozipokea prufu alikuwa ameweka alama ya kuuliza pembeni: kama ghala lilikuwa wazi kwa wote, huyu aliiba nini? Hakuna aliyemjibu.

Msaidizi huyo alikuwa katekista, na katekista huyo alikuwa babu yake mzaa mama. Alikufa akiwa bado ametengwa, wakamzika nje ya uzio wa makaburi ya kanisa, kwenye majani, jirani na shimo la taka. Mama yake Mama Nukta sasa alikuwa na miaka themanini na nne, na moyo wake ulikuwa umechoka. Alikuwa na ombi moja tu, na alilipeleka kanisani kila mwaka: kabla hajafa, uzio usogezwe hatua tisa, baba yake awe ndani. Kila mwaka kamati ya wazee ilimjibu kwa upole kwamba familia ilete ushahidi.

Mmishonari alivuta pumzi, ingawa hakuihitaji, akasoma.

"Somo la Saba, nukta. Mwaka wa njaa nilifunga ghala, koma, nikauvaa ufunguo shingoni chini ya shati, nukta. Ndani mlikuwa na magunia mia na arobaini, koma, niliyoyaweka kwa ajili ya wajenzi wa kanisa, nukta. Katekista alikuja kuniomba mara tatu, nukta. Mara ya nne hakuomba, nukta. Alivunja kufuli kwa nyundo ya kugongea kengele, koma, akalisha watu siku kumi na tisa, nukta. Nilimtenga mbele ya watu aliowalisha, koma, na hakuna aliyefungua mdomo, nukta. Kisha nikaandika barua kwetu kwamba ghala nililifungua mimi, nukta. Aya mpya."

Alipokuwa akisoma, punje za mahindi zilidondoka kutoka kwenye mikono ya koti lake, kwanza moja moja, halafu nyingi, zikasambaa chini ya meza. Mfagizi aliingia na ufagio, akazikusanya, akajaza debe.

Mama Nukta aliandika yote. Neno "nyundo" alilazimika kulirudia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha.

"Ulimjua?" aliuliza mmishonari.

"Ni babu yangu."

Mmishonari aliinamisha kichwa. Punje mbili za mwisho zilidondoka mezani.

Kesho yake Mama Nukta alimleta mama yake kwa teksi, akampandisha ngazi hatua kwa hatua. Mlinzi alimwandikisha. Mmishonari aliposimama kumpisha kiti, bibi yule alimtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Umekonda," alisema. "Nilikuwa mdogo, lakini nakukumbuka ukiwa na tumbo. Haya, soma."

Akamsomea Somo la Saba lote. Mahindi yalidondoka, mfagizi akajaza debe la pili. Bibi alisikiliza macho ameyafumba, mikono juu ya fimbo.

"Hivyo hivyo ndivyo baba alivyotusimulia," alisema mwishoni. "Ila yeye hakuwa na koma." Akafumbua macho. "Nilikuwa nimekuja kukutukana. Nilikuwa na matusi yangu nimeyatunza miaka mingi. Sasa sijui yamekwenda wapi. Wasomee wazee wa kanisa. Mimi nilijua."

"Nilifundisha toba miaka thelathini, mama," alisema mmishonari. "Mwenyewe sikuwahi kuifanya. Nimerudi kwa ajili hiyo."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Haya, fanya."

Marekebisho yanayozidi mistari mitatu yalihitaji fomu. Mama Nukta aliijaza, mmishonari akatia saini, na fomu ikapelekwa kwa mwenyekiti wa kamati ya kitabu. Huyu alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu na mmoja wa wazee wa kanisa, mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuja mwenyewe Jumanne. Alimwamkia mmishonari kwa heshima zote, akamwuliza habari za huko, akaketi. Alisomewa Somo la Saba mwanzo hadi mwisho, naye akainua miguu kidogo ili punje zisiingie viatuni.

"Ahsante, baba," alisema. "Umesoma vizuri sana."

"Basi mtaandika hivyo?" aliuliza Mama Nukta.

"Dada yangu, hebu tuelewane. Unadhani kuna asiyejua? Bibi yangu mimi alikula yale mahindi. Asingekula, leo usingekuwa na mwenyekiti hapa. Mji mzima unajua."

"Kama mnajua, kwa nini kila mwaka mnamwambia mama alete ushahidi?"

Mwenyekiti alifuta miwani. Alionekana kutojisikia vizuri, na haikuwa kujifanya.

"Kwa sababu tukikubali, inabidi tuseme pia kwamba babu zetu walikula na wakanyamaza. Na kitabu hiki ni cha mafunzo. Nani atajifunza imani kutokana na hayo?"

"Mimi nimejifunza," alisema mmishonari.

"Wewe, baba, umefariki. Kwenye rejista umeandikwa umehama. Toba tunaipokea kwa washiriki walio hai." Alimgeukia tena, sauti ikiwa laini. "Pumzika. Ulifanya mengi mazuri. Hujui ulivyo mfano kwa watu."

Aligonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye fomu, akaomba mahindi yote yapelekwe kanisani. Kwa siku zile chache yalikuwa yamefika madebe matatu. Mfagizi aliuliza kama angeweza kuchukua debe moja, maana unga ulikuwa umepanda bei na ana watoto watano. Mwenyekiti alisema haya si mahindi ya kusaga, ni mahindi ya ukumbusho. Yakawekwa kwenye stoo ya kanisa, na fundi akaja kufunga kufuli jipya.

Kamati ya kitabu ilikutana Ijumaa. Muhtasari wake ulifika kiwandani Jumatatu, kurasa mbili zilizochapwa vizuri, bila kosa hata moja la uandishi. Ulisema kwamba kamati inamshukuru marehemu kwa kufika. Imeguswa sana na unyenyekevu wake, wa kuzikataa sifa zake mwenyewe hata baada ya kifo. Imeazimia unyenyekevu huo uongezwe kitabuni kama Somo la Kumi na Tatu, "Imani Hujishusha". Somo la Saba na la Nane yabaki kama yalivyo. Katika Somo la Pili, machela yaondolewe.

Mama Nukta alisoma muhtasari ule akiwa amesimama. Kisha alikaa, akavua miwani, akalia, na hakujali nani anaona. Mmishonari alikaa upande wa pili wa meza. Alijaribu kumsomea Somo la Kumi na Tatu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwapo, lakini mdomo wake haukutamka hata neno moja. Kanuni ya ukutani haikusema kalamu ifuate nini sauti isipokuwepo. Mpangaji wa kurasa akalipeleka mtamboni hivyo hivyo, bila kusahihishwa.

Kitabu kilizinduliwa siku iliyopangwa. Kwaya iliimba, watoto wa shule waligawana mafunzo kumi na matatu wakayakariri kwa zamu, na aliyepewa Somo la Nane alipigiwa makofi kuliko wote. Mmishonari alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha wageni wa heshima. Alipoombwa aseme neno alisimama akasema aliyoyasema siku zote, ghala, kufuli, nyundo ya kengele, siku kumi na tisa. Watu walitikisa vichwa kwa kusifu. Mama mmoja nyuma ya Mama Nukta alimnong'oneza mwenzake kwamba kweli watu wa zamani walijua kujishusha. Mahindi yalidondoka kwenye zulia jekundu, na wahudumu waliyakusanya yakapelekwa stoo.

Bibi hakwenda. Alimsubiri binti yake nyumbani, amekaa kitandani, kitambaa kichwani.

"Uzio wameusogeza?"

"Hapana, mama."

"Hata hatua moja?"

"Hata moja."

Bibi alijifunga upya kitambaa. "Basi mimi ndiye nitakayesogea," alisema.

Alikufa wiki tatu baadaye, mchana, baada ya kunywa uji. Kadi yake ya ushirika ilikuwa safi, zaka zote zimelipwa, na kanisa likatoa nafasi nzuri ndani ya uzio, karibu na maua. Lakini alikuwa ameacha neno, na Mama Nukta hakuwa mtu wa kuongeza wala kupunguza neno la mwenye nakala. Kaburi lilichimbwa nje, kwenye majani, kando ya katekista. Mchungaji alisema taratibu hazimruhusu kuvuka uzio na joho, kwa hiyo alibaki ndani na kuomba kwa sauti kubwa akiwa ameshika waya. Upepo ulikuwa wa upande mwingine, nao wafiwa hawakusikia kitu.

Mmishonari ndiye aliyesoma ibada kaburini. Alisimama juu ya udongo uliochimbuliwa, kitabu mkononi, akasoma kama alivyozoea sasa. "Udongo kwa udongo, koma, majivu kwa majivu, koma, mavumbi kwa mavumbi, nukta." Mama Nukta alifuata kila neno kwa kidole hewani, akilia, na hakukuta kosa.

Watu walipoondoka, mmishonari alibaki. Jioni ile hakurudi chini ya marumaru. Alijilaza kwenye majani miguuni mwa makaburi yale mawili, upande wa shimo la taka, koti lake akilifanya shuka. Marumaru bado yapo. Wageni hupigwa picha hapo, na kaburi ni tupu.

Kitabu kiko toleo la tatu. Kufuli la stoo halijafunguliwa, na mwenyekiti ameuvaa ufunguo shingoni chini ya shati, kwa usalama. Mfagizi bado hununua unga dukani. Kabla ya kila toleo prufu hurudi kwa Mama Nukta. Msomaji wa nakala alipona koo na kuhamishiwa kwenye kitengo cha kalenda, hivyo mmishonari ndiye anayesoma. Somo la Saba linasomwa kama lilivyotokea, fomu inajazwa, fomu inapokelewa.

Anafika saa mbili na nusu, majani yamemganda mgongoni. Mlinzi huchukua kofia, hufungua daftari, huandika bila kuuliza. *Anamwona nani: usahihishaji. Anakotoka: nje ya uzio.*